Kasri Lisilo na Mgongo

Palikuwa na nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwanza kwa sababu Mungu hapendi umbea, na pili kwa sababu wenye nchi hawapendi kutajwa. Ilikuwa nchi yenye baraka tele. Ilikuwa na mto, ilikuwa na mvua, na mawaziri wake walikuwa wengi kuliko mvua. Ilipungukiwa na kitu kimoja tu: haikuwahi kuwa na mfalme. Wazee wake wa kale walikuwa wakikaa na kubishana mpaka wachoke, na neno la aliyechelewa kuchoka ndilo lililokuwa sheria, kisha kila mtu akaenda kwake kula. Kwa utaratibu huo wa ovyo waliishi kwa amani miaka mingi, maskini, bila kujua wanachokikosa.

Aliyewafumbua macho ni Mheshimiwa Mkwaju, Waziri wa Kumbukumbu na Vivutio. Alikwenda ng'ambo kwa ziara ya mafunzo, akarudi na kopo la biskuti. Biskuti zenyewe alizimaliza ndegeni. Lakini juu ya kifuniko palichorwa kasri jeupe, lenye minara myembamba iliyochongoka kama penseli, theluji mapaani, na ndege wawili weupe wenye shingo ndefu wakielea majini mbele yake. Mheshimiwa alilitazama kasri hilo safari nzima. Ndege ilipotua alikuwa na hakika kwamba hakuna mwanadamu anayeweza kuliona asitake kuvuka bahari ili alifikie, na kwamba hapakuwa na sababu ya msingi ya watu kuvuka kwenda ng'ambo tu, wasivuke kuja nchini kwake.

Baraza la Mawaziri lilikutana na kopo likapita mkono kwa mkono. Mtukufu Kiongozi, ambaye alikuwa ameongoza nchi tangu baadhi ya mawaziri hao hawajaota ndevu, alilishika muda mrefu kuliko wote. Akasema kitu hiki anakikumbuka. Hakusema anakikumbukia wapi, na hakuna aliyekuwa mkorofi kiasi cha kuuliza. Basi ikaamuliwa kwamba nchi ilikuwa na mfalme, kwamba kasri lake lilibomolewa na maadui, na kwamba sasa lingejengwa upya palepale lilipokuwa. Kilichobaki ni kujua lilikuwa wapi.

Kazi hiyo alipewa Dakta Nyangasa, mwanahistoria wa serikali, mtu makini sana. Alilichunguza kopo juu na chini. Chini alikuta tarehe mbili zimegongwa, akatambua mara moja kuwa moja ni ya kuzaliwa mfalme na nyingine ni ya kufa kwake. Ugumu ulikuwa kwamba mfalme alizaliwa mwaka uliopita na angefariki mwaka ujao. Dakta alifunga, akasali, akaondoa miaka mia tano, na historia ikakaa sawa. Mfalme akaitwa Mwenekasri wa Kwanza. Binti yake aliyefungiwa mnarani akaitwa Binti Lulu. Adui aliyemfungia aliachwa bila jina, mpaka ijulikane ni jirani gani atakayeiudhi nchi mwaka huo.

Kuhusu mahali, kopo lilionyesha kilima. Nchi ilikuwa na vilima vingi, lakini kimoja tu ndicho kilichoonekana vizuri kutoka dirishani kwa Mheshimiwa. Kiliitwa Kilima cha Viazi, na juu yake waliishi watu na viazi vyao. Mmoja wao alikuwa Bi Mwanaheri.

Bi Mwanaheri alikuwa mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili, jiko la nje, na mdomo usiolala. Watu wa serikali walipofika na kamba na vigingi walimweleza kwa heshima zote kwamba nyumba yake imejengwa juu ya sebule ya mfalme. Bi Mwanaheri aliomba radhi. Alisema hakujua, na kwamba angejua asingeanika dagaa pale miaka yote hiyo. Wakacheka, wakamsaidia kutoa kitanda, wakaibomoa nyumba. Yeye na majirani zake wote wakahamishiwa Mabondeni, mahali ambapo serikali ilimpa kila mtu kiwanja na mto ulimpa kila mtu maji, ahitaji asihitaji.

Huko alikaa majuma machache akisikiliza vyura. Kisha habari zikamfikia kwamba kasri limekamilika na jiko lake bado limesimama.

Ilikuwa hivi. Mafundi walipewa kifuniko cha kopo kama ramani, wakakifuata kwa uaminifu. Walijenga minara, madirisha, na lango kubwa. Walipaka mapaa chokaa ili iwe theluji. Kwa kuwa ndege wale wa shingo ndefu hawakupatikana, walitafuta mabata bukini wawili na kuwapaka chokaa iliyobaki, na mvua ya kwanza ikawarudisha kwenye asili yao. Lakini kifuniko kilionyesha mbele tu. Fundi mkuu alipouliza kuhusu nyuma, Kamati ya ujenzi ilikaa vikao kadhaa na kujibu kwamba historia iko kimya juu ya suala la nyuma. Fundi naye akakaa kimya. Hivyo kasri lilikuwa na uso wa kifalme, na nyuma ya uso huo palikuwa na magogo ya kuuegemeza, matuta ya viazi, na jiko la Bi Mwanaheri, ambalo halikubomolewa kwa sababu halikuonekana kwenye kopo.

Bi Mwanaheri alirudi na mabati machache, akaegemeza chumba kwenye ukuta wa mfalme, akamshukuru Mola. Katika maisha yake hakuwahi kupata kizuizi kizuri namna ile cha upepo.

*

Ni lazima sasa isemwe kasoro ya watu wa nchi ile. Hawaingii kwenye nyumba bila kupiga hodi na kujibiwa. Hodi hupigwa mara tatu; pakiwa kimya, mtu huondoka. Inasemekana hata wezi wao hupiga hodi, na wakijibiwa husema wamepotea njia.

Siku ya kufunguliwa kasri watu walipanda kilima kwa wingi, wamevaa nguo za sikukuu. Walisimama mbele ya lango, wakastaajabia minara, wakapiga hodi. Kimya. Wakapiga ya pili, wakapiga ya tatu. Kisha wakasikitika kwamba mwenyewe hayupo, wakaacha mapapai na mayai mlangoni, wakashuka. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Mheshimiwa Mkwaju alileta kipaza sauti na kuwakaribisha kwa niaba ya serikali. Wakauliza kama yeye ndiye mwenye nyumba. Aliposema hapana, walimkumbusha kwa upole kwamba mgeni hamkaribishi mgeni. Akaweka bango kubwa la kukaribisha. Wakalisoma, wakalisifu mwandiko, wakasema bango halina mdomo.

Watalii wa ng'ambo, ambao hawakufunzwa hodi, walisukuma lango na kuingia moja kwa moja. Kwa hatua chache walikuwa wametokea upande wa pili, katikati ya viazi, wakitafuta sehemu nyingine ya kasri. Bi Mwanaheri aliwapa maji na kuwaonyesha njia ya kurudi.

Basi asubuhi moja alikuwa akikoroga uji, mawazo yake yako mbali, mara akasikia hodi. Akaitika karibu kama alivyoitika maisha yake yote. Hakukumbuka kwamba kati yake na aliyebisha kulikuwa na kasri. Lango likafunguka na umma ukaingia, wazee, wanawake, na maharusi wawili waliokuwa wakingoja tangu alfajiri. Uji ulikuwa wa mtu mmoja. Kwa aibu ya uji huo, Bi Mwanaheri aliwakalisha kwenye matuta akawapa maneno badala yake. Alisimulia habari za Binti Lulu kama alivyozisikia kwenye redio, akaongeza za kwake. Aliwaonyesha mahali ukuta unapovuja na kusema yale ni machozi ya binti, hayajakauka mpaka leo. Maharusi walilia. Mwisho hata yeye mwenyewe alilia, na kesho yake watu walikuja maradufu.

Mheshimiwa Mkwaju alikuja mbio.

"Bi Mkubwa, nani alikuruhusu kujibu?"

"Mtu kapiga hodi, Mheshimiwa. Ningenyamaza ningeonekana mchawi."

"Unajua kwamba hii ni nyumba ya mfalme?"

"Najua. Ndiyo maana nilijibu kwa adabu."

Mheshimiwa alifikiri. Aliangalia msururu wa watu uliofika hadi chini ya kilima. Alirudi ofisini, na kabla ya jua kutua Bi Mwanaheri alikuwa Mjibu Hodi Mkuu wa Taifa, mwenye joho la zambarau lenye nyuzi za dhahabu na mafunzo ya juma zima ya kutamka karibu kwa sauti ya kifalme. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Hata dagaa akawa anawapindua kifalme.

Wifi yake, Sikitu, dada wa marehemu mume wake, alipanda kutoka Mabondeni kuja kumwona. Alilizunguka joho mara mbili.

"Sisi huko tunalala na vyura," akasema, "mwenzetu unalala na Binti Lulu."

"Binti Lulu hakoromi kama kaka yako, Mungu amrehemu."

Sikitu alisema atakaa nyuma asikilize huo uongo unaowaliza watu. Alisikiliza. Habari ilipofika kwenye machozi ya ukutani, alijifuta macho kwa pembe ya khanga na kusema kwamba anajua ni chokaa imeshika maji, alikuwepo wakati inapakwa, lakini maneno yamemkaa vizuri. Ndivyo lilivyokuwa kasri lile. Kila mtu alijua, na kila mtu alirudi tena.

*

Mambo yaliharibika pale Dakta Nyangasa, katika utafiti wake usiolala, alipogundua kwamba Mtukufu Kiongozi ni kitukuu wa Mwenekasri wa Kwanza. Ushahidi ulikuwa kwamba Mtukufu alilikumbuka kopo. Redio ikatangaza kwamba mwenye kasri atarudi kwake kwa sherehe na kuishi humo.

Mheshimiwa alikwenda mwenyewe kumweleza Mjibu Hodi Mkuu. Alimshukuru kwa utumishi uliotukuka. Alimfahamisha kwamba mwenye nyumba akishaingia kwake, hodi atajibu mwenyewe, na wadhifa huo utakuwa umekoma. Kiwanja chake cha Mabondeni bado kipo, jirani na wifi yake, na maji yameshafika. Jiko litaondolewa, kwa kuwa haipendezi moshi kutoka sebuleni kwa mfalme.

Bi Mwanaheri alilivua joho, akalikunja, akaliweka. Baada ya Mheshimiwa kuondoka, alikaa kwenye kigoda akaliangalia jiko, mafiga yake matatu na ukuta uliopata weusi wa masizi ya maisha yake. Akaomba.

"Ewe Mola," akasema, "kasri sikukuomba, umelileta mwenyewe. Mimi naomba jiko tu. Nalo ni hili hapa, huna haja ya kutafuta mbali."

Siku ya sherehe ikafika. Ratiba ilikuwa imefanyiwa mazoezi: Mtukufu asipige hodi, maana mtu hapigi hodi kwake. Aende moja kwa moja, asukume lango, aseme, "Nimerudi nyumbani." Bi Mwanaheri aliamriwa kuondoka mapema. Lakini walinzi waliopaswa kumbebea vyombo walikwenda mbele kutazama bendi, na sala ya alasiri ikamkuta palepale. Akatandika mkeka, akaanza.

Mtukufu alipanda kilima kwa zulia jekundu. Kamera zilimfuata, redio ikamsifu kila hatua. Akafika langoni, akainua mkono kusukuma.

Sasa, Mtukufu alilelewa na bibi yake, mwanamke aliyekuwa na mwiko mrefu na subira fupi. Kila alipoingia kwenye nyumba ya mtu bila kubisha alipata mwiko mmoja wa kisogoni. Mambo hayo yalipita zamani sana, kabla ya ving'ora na misafara, lakini kisogo kina kumbukumbu yake. Mkono wa Mtukufu ulisita hewani, na mdomo wake, bila kushauriana na mtu, ukasema, "Hodi."

Bendi ilinyamaza. Mheshimiwa Mkwaju alihisi mkanda wa suruali umelegea. Hapakuwa na mtu juu ya kilima kile, kuanzia jenerali mpaka muuza karanga, ambaye hakuelewa kilichotokea. Mtangazaji wa redio alieleza haraka kwamba Mtukufu anasalimia mizimu ya ukoo.

"Sukuma tu, Mtukufu," Mheshimiwa akamnong'oneza.

"Nitasukumaje? Sijajibiwa."

"Lakini ni kwako."

"Najua ni kwangu," akasema Mtukufu kwa hasira. "Ila sijajibiwa." Akapiga ya pili.

Nyuma ya ukuta Bi Mwanaheri aliyasikia yote, maana ule ukuta ulikuwa mwembamba kama historia yake. Alikuwa katika rakaa ya mwisho. Ibilisi akamjia na mashauri: akinyamaza mpaka hodi ya tatu ipite, yule mtu itambidi ageuke na kushuka mbele ya taifa zima. Kisha akawaza kwamba atakayerudi baada ya hapo ni tingatinga, nalo halijui kubisha. Akaona yote hayo ni mambo ya nje ya mkeka. Hakuiharakisha sala, wala hakuirefusha. Hodi ya tatu ilipopigwa, kwa sauti iliyoanza kufanana na ya mtoto, alikuwa anatoa salamu kulia na kushoto.

"Karibu," akaitika. "Karibu, mgeni wangu. Pita ndani."

Neno mgeni lilipita kwenye kipaza sauti cha redio na kufika mpaka mipakani.

*

Mtukufu aliingia, na kwa hatua chache akatokea kwenye viazi. Alitazama kushoto na kulia akitafuta sehemu nyingine ya kasri. Akauliza nyumba iko wapi, na Bi Mwanaheri akamwonyesha jiko. Alimpa kigoda, akamnawisha, akamwekea viazi vya nazi na dagaa. Kwa miaka mingi chakula cha Mtukufu kilikuwa kikionjwa na watu wanne kabla hakijamfikia, na daima kilimfikia kimepoa. Hiki kilimuunguza ulimi. Akaomba tena.

Alikula mpaka jioni, akalala kitandani kwa Bi Mwanaheri. Mwenye kitanda alilala mkekani pamoja na Sikitu, aliyekuwa amekuja kumsaidia kubeba vyombo na sasa hakujua vibebwe au vishushwe. Kesho yake Mtukufu aliamka akaulizia dagaa. Mawaziri walijipanga kwenye matuta kwa vyeo, wakavikanyaga viazi kwa nidhamu kubwa. Redio ikasema mwenye kasri ametulia kwake.

Ilipopambazuka siku iliyofuata, Sikitu alimvuta wifi yake pembeni.

"Leo ni ya tatu, wifi."

"Najua."

"Basi unangoja nini?"

"Sikitu, yule ni Kiongozi wa nchi. Nitafungwa."

"Kapiga hodi, hakupiga? Kala, hakula? Basi ni mgeni. Usipompa leo, kesho ni mwenye nyumba, na wewe utakuwa kwa vyura."

Bi Mwanaheri aliona kwamba wifi yake, kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika ukoo ule, amesema kweli tupu. Alichukua jembe nyuma ya mlango. Aliliosha, akaufuta mpini, akalipeleka kwa mikono miwili na kulipokeza kama mtu anavyompokeza mgeni maji.

"Baba," akasema, "matuta yamekanyagwa. Yanataka kuinuliwa."

Walinzi walishika bunduki. Mheshimiwa Mkwaju alikaa chini pale pale alipokuwa. Mtukufu alilitazama jembe, akamtazama Bi Mwanaheri, kisha, kwa sababu asizozieleza, akajishika kisogo. Akavua koti.

Alilima tuta moja, limepinda kama katiba yake. Mawaziri walipoona analima, nao wakaanza kulima. Na kwa kuwa jembe lilikuwa moja, walitumia mikono, kalamu, na mmoja alitumia hotuba iliyokunjwa. Jua lilipowaka Mtukufu alisimama, akanyoosha mgongo, akajifuta jasho.

"Mama, nimeshukuru," akasema. "Naomba ruhusa niende."

"Ruhusa umepewa, baba. Usiache kutupitia."

Na mtu anayeomba ruhusa ya kuondoka hawezi kuwa kwake. Hata Dakta Nyangasa aliliona hilo. Siku chache baadaye aligundua waraka wa kale unaoonyesha kwamba Mwenekasri wa Kwanza alijenga kasri lake mbele ya jiko la watu, kwa idhini yao. Tuta la Mtukufu lilizungushiwa uzio likawa kumbukumbu ya taifa, na Bi Mwanaheri akakatazwa kuchimba viazi vyake. Vilioza humo mbele ya macho yake. Alisema ni sadaka.

Kabla ya hayo, kesho yake tu Mtukufu alipoondoka, alikuwa bado akiinua matuta mengine aliposikia hodi. Akaitika. Akaingia Sikitu, na godoro kichwani na kuku wawili kwapani.

"Wewe si umeondoka hapa jana?"

"Jana nilikuwa wifi. Leo nimekuja mgeni. Siku mbili tu."

"Na ya tatu?"

Sikitu aligeuka ili mwenzake aone jembe mgongoni. "Ya tatu nimekuja nalo mwenyewe."

Baada yake walikuja wengine, mmoja mmoja, wale wote wa Kilima cha Viazi, kila mmoja na hodi yake na jembe lake begani, mpaka Mabondeni wakabaki wenye Mabondeni, vyura. Wizara ilitoa taarifa ya fahari kwamba kasri limepata wageni wasiotaka kuondoka. Ukilitazama kwa mbele, lipo vilevile kama lilivyo kwenye kopo. Watalii hupiga picha moshi unaopanda nyuma ya minara, wakidhani ni ukungu wa hadithi, na hodi moja ikipigwa langoni hujibiwa na sauti nyingi.

Yalipofanyika mabadiliko ya Baraza la Mawaziri, hodi moja ilipigwa kwa unyonge. Alikuwa Mheshimiwa Mkwaju, peke yake, na jembe jipya ambalo karatasi yake ya dukani haijabanduliwa. Mkononi alishika lile kopo la biskuti, maana hakuna aendaye kwa watu mikono mitupu. Bi Mwanaheri alimkaribisha, akamwonyesha tuta lake, akalipokea kopo kwa mikono miwili.

Sasa anawekea chumvi.